Poon Lim: Siku 133 juu ya chelezo

Watu wa mwambao tumezoea kusikia sifa za manahodha. Mtumishi wa meli, yule apelekaye chai na kutandika vitanda, ni nadra kutajwa. Poon Lim alikuwa mmoja wa hao, na hajulikani mwengine aliyeishi siku nyingi kuliko yeye akiwa peke yake juu ya chelezo.

Alizaliwa mwaka 1918 katika kisiwa cha Hainan, kusini mwa China, akaingia kazi ya meli angali kijana. Wakati wa Vita Kuu vya Pili, meli nyingi za Uingereza zilitegemea mabaharia wa Kichina. Walilipwa kidogo kuliko wenzao Waingereza, ingawa hatari ilikuwa moja. Mwaka 1942 Lim, mwenye umri wa miaka 24, alikuwa mtumishi katika Benlomond, meli ya mizigo ya Uingereza.

Novemba meli hiyo iling'oa nanga Cape Town kuelekea Amerika ya Kusini, bila manowari ya kuisindikiza. Tarehe 23 ilipigwa topido na nyambizi ya Kijerumani, U-172, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Lim alivaa jaketi la kujiokolea akajitosa baharini. Kati ya watu zaidi ya 50 waliokuwamo, alinusurika yeye tu.

Alielea yapata saa mbili kabla ya kuona chelezo cha mbao. Juu yake mlikuwa na biskuti za makopo, mtungi wa maji, chokoleti, sukari kidogo, fataki za ishara na tochi. Kuogelea hakukujua sana, kwa hivyo alijifunga kamba mkononi asije akachukuliwa na mawimbi.

Chakula kilipokaribia kwisha, mikono yake ndiyo iliyomwokoa. Waya wa tochi aliukunja ukawa ndoana, akafumua kamba ikawa mshipi. Baadaye alifanya ndoana kubwa zaidi kwa msumari. Samaki aliwapasua kwa kisu alichokitengeneza kwa bati la kopo la biskuti, akawaanika juani kama tufanyavyo ng'onda. Maji ya mvua aliyakinga kwa turubai.

Kisha ikaja dhoruba, ikaharibu samaki wake na maji yake. Akiwa taabani alikamata ndege, akanywa damu yake. Siku nyingine alimvua papa na kumuua kwa kumpiga mtungi. Siku alizihesabu kwa mafundo ya kamba, mwisho akachoka, akawa ahesabu miezi mipevu tu.

Meli moja ya mizigo ilipita karibu. Lim aliamini kwamba mabaharia wake walimwona wakamwacha kwa kuwa ni Muasia. Ndege za Wamarekani nazo zilimwona, na moja ikaangusha boya la alama, lakini dhoruba ilimsukuma mbali.

Tarehe 5 Aprili 1943, baada ya siku 133, wavuvi watatu wa Brazil walimwokota na kumpeleka mji wa Belém. Alishuka pwani kwa miguu yake mwenyewe.

Mfalme George wa Sita alimpa nishani, na jeshi la majini la Uingereza likaiingiza mbinu yake katika mafunzo ya kuokoa maisha. Lakini alipotaka kuhamia Marekani baada ya vita, nafasi za Wachina zilikuwa zimejaa, na ilihitajika sheria maalumu ili akubaliwe. Alifariki Brooklyn mwaka 1991.

Kwetu habari hii si ngeni. Februari 1944 Khedive Ismail, meli iliyotoka Kilindini, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wengi wao wakiwa askari wa Afrika Mashariki. Lim alirudi akasimulia, wale hawakurudi. Mwenye babu aliyefanya kazi melini, awe mpishi au mchochea makaa, na aandike jina lake na jina la meli yake, maana nishani hazikuwafikia wengi, na wanaowakumbuka wanapungua kila mwaka.