Ibn Sina: Tabibu Aliyejitibu kwa Barafu

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tumeona tumzungumzie Abu Ali al-Husayn ibn Abdallah ibn Sina. Kilichotusukuma ni mabishano yasiyokwisha majumbani mwetu. Mtoto anateguka mguu mpirani au mzee anaanguka uani. Mmoja anataka awekewe barafu, mwingine anataka akandwe kwa maji ya moto. Suala hili ni la kale, na Ibn Sina alilijua kwa kalamu na kwa mwili wake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 370 Hijria, sawa na 980 Miladia, katika kijiji cha Afshana karibu na Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan. Alipofikisha miaka kumi alikuwa amekwishahifadhi Qur'ani. Hesabu alifundishwa na muuza mboga, fiqhi akaisoma kwa Ismail al-Zahid, na akiwa na miaka kumi na sita matabibu walikuwa wakija kusoma kwake. Alishiriki kumtibu Amiri Nuh ibn Mansur, na kwa sababu hiyo akafunguliwa maktaba ya wafalme wa Kisamani.

Baada ya kufiwa na baba yake maisha yakawa ya kuhamahama. Alipita Gurganj na Jurjan, ambako alianza kukiandika kitabu chake kikubwa cha tiba, al-Qanun. Huko Hamadan alifanywa waziri. Askari wakamwasi, akajificha siku arubaini, kisha akarudishwa kazini Amiri alipougua tena tumbo. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, na hata humo hakuiweka kalamu chini. Mwishowe alitoroka akiwa amevaa mavazi ya masufi, akafika Isfahan.

Katika al-Qanun, Ibn Sina aliiweka theluji na maji ya barafu miongoni mwa vitu vinavyotia ganzi. Lakini alitofautisha mambo mawili. Kuiondoa sababu ya maumivu ndiyo tiba ya kweli. Kuizima hisia ni kunyamazisha tu, na sababu ingali imekaa mahali pake.

Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyefuatana naye kwa takriban miaka ishirini na mitano, ametuhifadhia kisa kimoja. Siku moja Ibn Sina aliumwa sana kichwa, akahofia uvimbe ndani ya fuvu. Akaagiza barafu nyingi, ikapondwa, ikafungwa katika kitambaa, akafunikwa nayo kichwani mpaka akapona. Alikusudia kuyaingiza majaribio ya namna hiyo katika al-Qanun, lakini karatasi alizoyaandikia zilipotea kabla kitabu hakijakamilika. Lau si mwanafunzi huyo, tusingekijua kisa hiki.

Kitambaa kile kina maana hadi leo. Wataalamu wa tiba ya viungo hutuasa kwamba barafu isigusane na ngozi, bali ifungwe kwa kitambaa, na isizidi dakika ishirini kwa mara moja. Ubaridi hupunguza maumivu ili aliyeumia aweze kuanza kukinyoosha kiungo chake kidogo kidogo. Hauungi mfupa uliovunjika, wala hauthibitiki kwamba huharakisha kupona.

Kipimo hicho kinaeleweka zaidi tukifika Hombolo, mkoani Dodoma, mahali panapojulikana kwa bwawa lake na kwa huduma iliyotolewa huko kwa wagonjwa wa ukoma. Ukoma unatibika, lakini ukicheleweshwa huua mishipa ya fahamu. Mtu hukanyaga mwiba au kaa la moto asihisi lolote. Kwake maumivu, ambayo sisi tunayachukia, ni mlinzi aliyeondoka. Mtu kama huyo asiwekewe barafu penye ganzi, kwa kuwa itamuunguza ngozi naye hana habari. Kinachomfaa ni kukagua miguu kila siku, kuilowesha katika maji, kuipaka mafuta na kuvaa viatu vya kumkinga. Hadhari hiyo hiyo inamhusu mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, na wazee wa namna hiyo tunao majumbani.

Ibn Sina mwenyewe aliumizwa na kuzidisha. Alipopatwa na msokoto wa tumbo safarini, alihofia kuachwa nyuma na msafara wa Amiri, akajitibu mara nane kwa siku moja hadi utumbo ukapata vidonda. Alipotambua kwamba nguvu zimemwishia aliacha dawa, akatoa sadaka, akawarudishia watu haki zao, akawaacha huru watumwa wake na kushika kusoma Qur'ani. Alifariki katika Ramadhani ya mwaka 428 Hijria, yaani 1037, akazikwa Hamadan.

Basi, kabla ya kuifungua barafu, tumuulize kwanza mgonjwa wetu kama mguu wake bado unahisi. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn Sina, na awaponye wagonjwa wetu.