Mbaruk bin Rashid: Mwasi wa Gasi aliyepambana na Sultani na Mwingereza

MSAFIRI atokaye Likoni kuelekea Lungalunga, akishaipita Ukunda na njia panda ya Diani, hufika Gasi kabla hajaingia Msambweni. Siku hizi kijiji hicho cha wavuvi kinajulikana zaidi kwa mikoko yake, na hasa kwa mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Wageni wengi huitazama mikoko hiyo, wakapiga picha na kurejea katika hoteli za Diani. Ni wachache wanaojua kwamba kijijini humo imo nyumba ya mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliwanyima usingizi watawala wa Unguja, na hatimaye akailazimisha serikali ya Uingereza kuagiza askari kutoka India.

Mtu huyo ni Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim Al-Mazrui.

Ili kuielewa hasira yake, sharti kuanzia Mombasa. Ukoo wa Mazrui, wenye asili ya Oman, uliitawala Mombasa kwa takriban karne moja kuanzia miaka ya 1730, makao yao yakiwa Ngome ya Yesu. Kwa kipindi fulani waliishika hata Pemba. Walikataa kuwa chini ya ukoo wa Busaidi uliotawala Oman, na mwaka 1824 walikimbilia himaya ya Uingereza ili kujikinga. Himaya hiyo ilidumu miaka miwili tu, kisha Waingereza wakajiondoa.

Mwaka 1837 Seyyid Said bin Sultan aliitwaa Mombasa. Viongozi wa Mazrui, akiwamo liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, walikamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas na hawakurudi tena. Waliosalia waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilihamia Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na jingine likaja Gasi.

Mbaruk alikuwa mtoto wa Rashid huyo. Alikua akiwa yatima wa siasa, akielewa kuwa kiti cha Mombasa kilikuwa cha baba yake na kwamba waliokikalia walikipata kwa hila. Tofauti na jamaa zake wa Takaungu, ambao kwa muda mrefu walipatana na Unguja, yeye hakuridhika.

Alipoushika uongozi wa Gasi, alianza kupimana nguvu na Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870. Mbinu yake haikubadilika sana katika maisha yake yote. Alipozidiwa pwani, alikimbilia Mwele, boma lake lililofichwa msituni upande wa vilima vya Shimba. Huko alizungukwa na Wadigo na Waduruma, ambao baadhi yao walikuwa washirika wake, pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Majeshi ya Sultani yalipochoka na kuondoka, aliteremka tena Gasi.

Mwaka 1882 aliishambulia Vanga. Barghash alimtuma Lloyd Mathews, ofisa Mwingereza aliyeliongoza jeshi la Unguja, akaizingira Mwele. Boma liliangushwa, lakini Mbaruk mwenyewe hakupatikana.

Baadaye walikuja wakubwa wengine. Wajerumani walijaribu kumvuta upande wao, na bendera yao ikapepea Gasi kwa muda mfupi. Lakini mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1886 uliiacha Gasi katika eneo la Uingereza. Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 iliona ni nafuu kupatana naye kuliko kupigana naye. Kwa miaka michache pakawa na utulivu.

Utulivu huo ulivunjwa na msiba wa Takaungu. Mapema mwaka 1895 alifariki mtawala wa huko, Salim bin Khamis. Kampuni ilimsimika mwanawe, Rashid bin Salim, badala ya mtu mzima zaidi katika ukoo, ambaye kwa sadfa naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Huyu wa Takaungu aliasi, akashindwa, akakimbilia kwa wajina wake wa Gasi.

Mzee wa Gasi alikuwa na njia mbili: kumtoa mgeni wake, au kumlinda na kupoteza kila alichokuwa nacho. Alimlinda. Kwa wakati huo Kampuni ilikuwa inaondoka, na tarehe 1 Julai 1895 nchi ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza. Vita hiyo ikawa mtihani wa kwanza wa serikali mpya.

Admirali Harry Rawson alishuka na wanamaji, akiandamana na Mathews na askari wa Unguja. Gasi ilikaliwa, na tarehe 17 Agosti 1895 Mwele ikatekwa. Mathews alijeruhiwa katika mapigano hayo. Lakini Mbaruk alikuwa ameshaponyoka, na uasi ukaenea kutoka mpaka wa kusini hadi jirani ya Malindi. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa naye akajiunga. Ni baada tu ya kikosi cha askari wa India kuwasili, Machi 1896, ndipo waasi walipobanwa.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka pamoja na wafuasi wake wengi, akajisalimisha kwa Wajerumani. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Mei, reli ya kwenda Uganda ilianza kutandikwa Mombasa. Na Agosti 27 mwaka huohuo, Rawson yuleyule aliipiga kwa mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiotimia saa moja, akamwondoa Khalid bin Barghash. Khalid naye alipelekwa Dar es Salaam. Hivyo mtoto wa Barghash na adui mkubwa wa Barghash wakajikuta wakimbizi katika mji mmoja, chini ya bendera moja ya kigeni. Mbaruk alifariki huko mwaka 1910, bila kukikalia kiti cha baba yake.

Je, alikuwa shujaa? Swali hilo halina jibu jepesi Kwale. Wapo wanaomhesabu miongoni mwa watu wa kwanza kuupinga ukoloni Kenya, miaka karibu 20 kabla ya Mekatilili wa Menza na Wagiriama kusimama mwaka 1913. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa vita vyake viliigharimu Uingereza zaidi ya ilivyotarajia.

Hata hivyo, mashamba ya Mazrui yalilimwa na watumwa, na watu wake walishambulia vijiji vya bara na kuteka watu. Miongoni mwa Wadigo na Waduruma walikuwapo waliopigana upande wake na waliouzwa na watu wake. Mtoro aliyepata hifadhi Mwele na mateka aliyepelekwa pwani walilijua jina lilelile kwa maana mbili tofauti. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907, na waliomshinda Mbaruk hawakuwa na haraka ya kuufuta.

Kiti cha usultani alichokipiga vita kilianguka kwa mkono mwingine kabisa, katika Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja kamili baada ya Kenya kupata uhuru. Ngome ya Yesu, iliyogeuzwa gereza mwaka 1895, leo ni makumbusho na tangu mwaka 2011 ni urithi wa dunia. Kaya Kinondo, hapo Diani, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizopata hadhi hiyo mwaka 2008.

Gasi na Mwele zinastahili kuwekwa katika safari hiyohiyo ya kumbukumbu. Mtoto wa shule wa Msambweni anayefundishwa vita vya nchi za mbali anapaswa kuonyeshwa nyumba iliyo karibu na kwao, na kuelezwa habari zake zote: za aliyekataa kumtoa mgeni wake, na za wale waliolima mashamba yake bila hiari.