Pembe Ndogo, Pembe Kubwa: Maisha ya Tippu Tip kwa Mwenye Bumu Mkononi

Tangu bumu la muhula huu liingie, hosteli mjadala ni mmoja: hela iwekwe wapi. Siku hizi unanunua vipande vya mfuko wa uwekezaji kwa simu ukiwa umelala kitandani, kwa hiyo kila chumba kina mshauri wake. Wapo wanaosema tafuta mfuko unaoshika hisa za makampuni makubwa, ulale usingizi. Wengine wanasema makubwa yameshakua, faida iko kwenye madogo. Mimi nasomea ualimu, somo langu ni historia, na kwetu ni Kagunga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mpakani kabisa na Burundi. Sina grafu za kuwaonyesha. Nina mtu mmoja tu wa kuwasimulia, aliyelivuka ziwa letu akiwa na mtaji mdogo, akawa mkubwa kupita kiasi, kisha ukubwa ule ukayeyuka.

Jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi. Sekondari tulimsoma kwa mstari mmoja, kwa jina la Tippu Tip, na tukaendelea na mada nyingine. Alizaliwa Unguja, kama mwaka 1837 hivi, kwenye ukoo wa wafanyabiashara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa na makazi yake Tabora na alioa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo biashara ya bara ilikuwa ya nyumbani kwao. Bado mtoto wa miaka kama 12, Hamed alianza safari fupi za kuuza sandarusi, ile gundi ngumu ya miti iliyotengenezewa vanishi Ulaya na Marekani. Mtaji wa kitoto, mzigo wa kitoto, lakini alikuwa anajifunza.

Alipofika umri wa miaka kama 18 alifuatana na baba yake hadi Tabora, akatumwa Ujiji. Baba alitaka mali ya safari ikabidhiwe mtu mwingine aliyemzidi umri. Kijana akagoma. Akasema, kwa maneno yetu ya leo, kwamba kama hafai kushika mali basi ni afadhali arudi nyumbani. Baba akakubali. Hamed akavuka ziwa kwenda Urua, ndani ya Kongo ya leo.

Hapo Urua ndipo kuna jambo la kwanza linalotuhusu. Katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili uzeeni, anaeleza kwamba pembe kubwa za ndovu zilikuwa ghali kule na ndogo zilikuwa rahisi. Wafanyabiashara wenziwe walikimbilia kubwa. Yeye, mwenye mtaji mdogo, akachukua ndogo.

Mashabiki wa makampuni madogo, najua mmeshaanza kushangilia. Subirini kwanza tuelewane maneno. Kwenye soko la hisa, ukubwa wa kampuni haupimwi kwa wingi wa majengo au magari yenye nembo. Unachukua bei ya hisa moja, unaizidisha kwa idadi ya hisa zote za kampuni, unapata thamani yake sokoni. Katika masoko makubwa kama la Marekani kuna mifuko inayojitangaza kwa kipimo hicho: huu ni wa makubwa, huu wa kati, huu wa madogo. Mwaka 1981 mtafiti Rolf Banz alichapisha makala kuonyesha kwamba kwa miaka mingi hisa za makampuni madogo ya soko la New York zililipa zaidi kuliko za makubwa. Wataalamu wanabishana hadi leo kama hali hiyo bado ipo. Wasichobishania ni kwamba bei za madogo huruka juu na chini zaidi, na siku unayotaka kuuza mnunuzi anaweza asiwepo. Pembe ndogo ni rahisi kuinunua. Kumpata wa kuinunua kwako siku una shida ya hela ni habari nyingine.

Turudi kwa Hamed. Baadaye akaanza safari zake mwenyewe, na hapa akahitaji mtaji wa watu. Biashara ya misafara iliendeshwa kwa mkopo: unapewa vitambaa, shanga na bunduki Unguja, unaondoka, unarudi baada ya miaka na pembe, unalipa. Mkopeshaji mkubwa wa zama hizo alikuwa Taria Topan, Muismaili aliyetoka Kutch, India, akiwa mtoto na kupanda hadi kuwa tajiri mkuu wa Unguja na msimamizi wa forodha ya Sultani. Jengo lenye roshani za mbao pale Mizingani, tunaloliita Zahanati ya Zamani, ni yeye aliyelianzisha.

Mtazameni Taria kwa jicho la mwekezaji. Yeye hakutembea kwa miguu hadi Ujiji. Alikaa Unguja, mali yake ikiwa imegawanyika kwenye misafara. Mmoja ukipotea, mwingine unarudi. Hilo ndilo wazo la mfuko wa pamoja: huweki yai lako kwenye tenga moja. Lakini tazameni pia mwaka 1871. Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya kati kwenda Ujiji ikazibwa. Vita vile havikuuliza nani ana wapagazi 20 na nani ana 700. Msafara mdogo ulikwama, na mkubwa ulikwama. Mfuko hukukinga na ajali ya kampuni moja. Haukukingi na kuzibwa kwa njia, maana soko zima likianguka, makubwa na madogo huanguka pamoja. Washauri wa vyumbani hawalisemi sana hili.

Ukubwa wa Tippu Tip ulianza mwaka 1867, kusini magharibi mwa ziwa, kwa mtemi Nsama wa Itabwa. Nsama alikuwa na ghala la pembe lililojulikana. Biashara ikageuka vita, bunduki zikashinda mishale, na Hamed akaondoka na mamia kwa mamia ya frasila za pembe, frasila moja ikiwa kama kilo 16. Wengine wanasema hata jina la Tippu Tip ni mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni kupepesa kwa macho yake. Alivyorudi pwani, milango ya mikopo ilikuwa wazi. Mwaka 1870 hivi akaondoka tena na hakurudi Unguja hadi 1882. Ndani ya miaka hiyo alijipatia utawala Utetera kwa kudai kwamba yeye ni mjukuu wa dada wa mtemi wa huko aliyepotea zamani, akajenga makao Kasongo, akamsindikiza Stanley mwaka 1876 kuelekea mto Kongo.

Mwaka 1887 alifika kilele. Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kupitia Stanley, alimpa ugavana wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Ingekuwa kampuni, siku hiyo ingeingizwa kwenye orodha ya makubwa na mifuko yote ingekimbilia kuinunua. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe akarudi Unguja. Mwaka 1892 majeshi ya Kongo ya Leopold yakaanza vita na Waarabu wa mashariki mwa Kongo. Mwanawe Sefu akauawa mwaka 1893, na kufikia 1894 himaya yote ilikuwa imekwisha. Mshirika wake Rumaliza, aliyekuwa na makao Ujiji, akageuka mdai wake, na ugomvi wa mali ya shirika ukafika mahakamani enzi za Wajerumani. Tippu Tip alifariki Unguja kwa malaria mwezi Juni 1905. Alikuwa bado tajiri wa mashamba, lakini wa bara hakuwa tena na kitu.

Kwa hiyo udogo haukumzuia kupata, na ukubwa haukumzuia kupoteza. Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimefundisha nusu ya somo.

Frasila hupima pembe, haimpimi aliyeibeba. Kati ya Ujiji na Bagamoyo ni zaidi ya kilomita elfu moja, na kila pembe ilikwenda begani mwa mtu. Wengine walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi wenye ujira. Wengine walikuwa watumwa waliofungwa minyororo, waliotekwa vijijini na kuuzwa. Faida ya Taria, ya Hamed na ya Rumaliza ilipita juu ya mabega hayo. Rumaliza alijaribu hata kuingia Burundi, akashindwa na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo. Ukitazama ramani utaona Kagunga iko upande gani wa njia ya kutoka Ujiji kwenda huko. Mkopeshaji wa Unguja hakulazimika kuyaona yote haya. Kwake lilikuwa fungu la pembe, kubwa au dogo, na bei yake.

Hapo ndipo hatari ya mfuko ilipo kwa maoni yangu. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuijua kila kampuni. Ubaya wake ni huohuo.

Sasa tuje kwetu. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 kwa kampuni moja, TOL, ikafuatia TBL mwaka huohuo. NMB ikaingia 2008, CRDB 2009. Mwaka 2013 likafunguliwa dirisha la kukuza ujasiriamali kwa makampuni machanga, na Maendeleo Bank ikawa ya kwanza kuingia. Lakini orodha yetu bado ni fupi, na thamani kubwa imekaa kwa makampuni machache. Ndiyo maana mifuko ya UTT, kuanzia Umoja wa mwaka 2005, haijagawanywa kwa ukubwa wa makampuni. Imegawanywa kwa makusudi: wa watoto, wa kujikimu, wa ukwasi, wa hatifungani. Kwa hiyo ule mjadala wa hosteli, makubwa au madogo, kwa sehemu kubwa tumeuazima kwenye video za Wamarekani. Swali letu ni jingine: hela hii nitaihitaji lini, na imekwenda kufanya kazi gani?

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wananisubiri. Kijijini kuna kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, wauza dagaa na mawese, na mama yangu ni mmoja wao. Wamesikia habari za vipande, na wameniagiza nikienda likizo niwaeleze. Hela yao ni ada za watoto za Januari na nauli ya boti ya kumpeleka mgonjwa Kigoma mjini. Hiyo haiendi kwenye hisa, za kampuni kubwa wala ndogo, maana haiwezi kusubiri njia ifunguliwe. Itakayobaki, ile ya miaka mitano na zaidi, ndiyo tutaizungumzia. Na kabla hawajaweka shilingi, nitawafundisha kuomba taarifa ya mfuko na kusoma ukurasa unaotaja majina ya makampuni, moja baada ya jingine. Kwenye ukurasa huo ndipo anaanza kuonekana anayebeba mzigo.