Askofu Samuel Ajayi Crowther, Mwana wa Wayoruba

Safari hii tumeona vema tuwasimulie habari za Askofu Samuel Ajayi Crowther, Mwafrika wa kwanza kuwa Askofu katika Kanisa Anglikana. Wengi wetu tumelisikia jina lake katika mafundisho ya kipaimara, lakini si wengi wanaojua jinsi alivyobaki Myoruba popote alipopelekwa.

Alizaliwa karibu na mwaka 1809 katika mji wa Osogun, katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria ya magharibi. Wazazi wake walimwita Ajayi, jina wanalopewa watoto waliozaliwa kifudifudi, kama vile Wasukuma wanavyowaita mapacha Kulwa na Doto. Mwaka 1821 mji wao ulishambuliwa na kuchomwa moto. Ajayi alikamatwa pamoja na mama yake na ndugu zake, wakafungwa kamba shingoni, kisha wakatenganishwa. Mara moja alibadilishwa kwa farasi, na mwenye farasi asiporidhika, akarudishwa. Akauzwa tena na tena mpaka akafika Lagos, mikononi mwa Wareno. Aprili 1822 walimpakia katika merikebu, lakini manowari za Kiingereza zilizowasaka wafanya biashara ya watumwa zikaikamata, naye akapelekwa Freetown, Sierra Leone, akiwa huru.

Huko alisoma katika shule ya wamisionari wa CMS, chama kile kile kilichomtuma Krapf Mombasa mwaka 1844. Alibatizwa Desemba 1825 akapewa jina la Samuel Crowther, jina la kasisi mmoja wa London. Jina la Ajayi hakulitupa. Mwaka 1827 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay. Alimwoa Asano, aliyebatizwa Susan, ambaye naye aliokolewa kutoka utumwani akawa mwalimu.

Freetown ilijaa Wayoruba waliookolewa baharini. Kwao walijiita Waoyo, Waegba, Waijebu au Waijesha, na mara nyingi walipigana wao kwa wao. Ugenini waliitwa wote Aku, kwa sababu ya maneno ya salamu zao. Hapo ndipo walipoona kwamba lugha yao ni moja. Crowther akaanza kuiandika. Mwaka 1843 kitabu chake cha maneno ya Kiyoruba kilipigwa chapa, na mwaka huo huo akapewa ushemasi na ukasisi mjini London. Mwaka uliofuata aliendesha ibada kwa Kiyoruba hapo Freetown.

Kisha akarudi nchi ya kwao. Mwaka 1846 alifika Abeokuta, na huko akamkuta mama yake, Afala, baada ya kutengana miaka 25. Mama na mwana walishikana mikono, wakatazamana kimya, machozi yakawatoka. Mhubiri mgeni angehitaji mkalimani ili aseme na mama huyu. Crowther alimhubiri kwa lugha ile ile aliyoipata kwake utotoni. Mwaka 1848 Afala alibatizwa, akaitwa Hannah, jina la mama yake nabii Samweli.

Kazi ya kutafsiri Biblia ilichukua miaka mingi. Crowther hakuridhika na Kiyoruba cha watoto wa shule. Alikaa na wazee, akasikiliza mazungumzo yao, akakusanya methali na maneno ya zamani. Biblia nzima ilikamilika mwaka 1884, pamoja na kazi ya wenzake. Sasa Moyo, Megba na Mijebu walisoma kitabu kimoja. Jina la Yoruba, ambalo zamani lilikuwa hasa la watu wa Oyo, likawa jina la wote.

Tarehe 29 Juni 1864, katika Kanisa Kuu la Canterbury, aliwekwa wakfu kuwa Askofu. Lakini hakupewa nchi ya Wayoruba, kwa kuwa baadhi ya wamisionari wa Kizungu walikataa kuwa chini ya mtu mweusi. Alipewa kazi ya mto Niger, kwa Waigbo, Wanupe na wengine ambao lugha zao hazikuwa zake. Hata hivyo alikwenda, akiwa na wasaidizi Waafrika, wengi wao kutoka Sierra Leone, wakajenga makanisa na shule.

Uzeeni mwake alipata jaribu kubwa. Wamisionari vijana kutoka Uingereza waliwashutumu wasaidizi wake na kuwasimamisha kazi bila kumjali yeye aliyekuwa Askofu wao. Mwaka 1890 alijiuzulu katika kamati ya misheni. Alifariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na aliyewekwa mahali pake alikuwa Mzungu. Sisi wa Afrika Mashariki tulingoja mpaka mwaka 1947 ndipo Aberi Balya wa Uganda alipokuwa Askofu wa kwanza Mwafrika kwetu. Mwaka 2014 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, aliomba radhi hadharani kwa dhambi ile. Toba ilichelewa, lakini ilikuja, na ni heri Kanisa linalokiri.

Mwaka 1889, Crowther akiwa bado hai, Waingereza na Wafaransa walipatana juu ya mpaka uliokata nchi ya Wayoruba. Mji wa kale wa Ketu ukabaki upande wa Wafaransa, katika nchi ambayo leo ni Benin. Mpaka ulikata ardhi, lakini lugha na majina vilibaki. Leo Wayoruba wako Nigeria, Benin na Togo, na vizazi vyao viko Sierra Leone, Brazili na Kuba. Hata vijana wetu wanaofuata mpira wa Uingereza hulitaja jina la Bukayo Saka, aliyezaliwa London kwa wazazi Wayoruba. Anavaa jezi ya Uingereza, na jina lake ni la Kiyoruba, lenye maana ya kuongeza furaha.

Ndugu zetu, wako wanaodhani kwamba kumfuata Kristo ni kuacha kabila, lugha na jina la babu. Maisha ya Ajayi yanatuonyesha sivyo. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Basi tuwafundishe watoto wetu lugha zetu, na tusali nao kwa lugha hizo nyumbani. Na jirani aliye ng'ambo ya mpaka tumhesabu kuwa ndugu. Bwana atujalie. Amina.