Shekhar Mehta, Bingwa wa Safari

Huko Marekani magari ya mashindano huzunguka uwanja wa lami wenye umbo la yai, na watazamaji huketi wakiyaona yote. Kwetu sivyo. Apitaye Kitengela na Kajiado wakati wa masika aujua udongo ule mweusi: ukilowa hulinasa gurudumu, ukikauka vumbi lake humziba dereva macho. Katika njia kama hizo ndimo marehemu Shekhar Mehta alimopatia jina.

Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na jamaa ya Mehta ikahamia Kenya. Pasaka ya mwaka uliofuata Mehta alishinda Safari kwa Datsun 240Z. Yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa na alama sawa, ikabidi kanuni iamue. Ushindi akapewa Mehta. Aliyepokonywa makao akatwaa taji.

Ilimpasa kungoja miaka sita kabla ya kushinda tena. Kuanzia 1979 hadi 1982 akashinda mara nne mfululizo, akiwa na msomaji ramani wake, Mike Doughty. Jumla mara tano, na hadi leo hakuna aliyempita.

Mwaka 1987 alipata ajali mbaya mashindanoni nchini Misri, na mbio zake zikakoma. Alifariki London mwaka 2006.

Ndugu msomaji, wenye kasi walikuwa wengi. Lakini Safari ilikuwa mwendo wa siku kadhaa, matope kwa vumbi, na aliyefika ni yule aliyejaaliwa subira.