Mama Bakhita, Bawabu wa Schio

Kila mwaka, tarehe 8 ya Februari, Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudani. Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia habari zake: jinsi alivyotekwa, jinsi alivyouzwa, jinsi alivyochanjwa mwili kwa wembe, na jinsi alivyopata uhuru na Ubatizo. Habari hizo ni za kweli na za kutisha, wala hazistahili kusahauliwa. Lakini masimulizi karibu yote huishia pale alipobatizwa, kana kwamba maisha yake yalikwisha siku ile. Sivyo. Siku ile alikuwa na umri wa miaka kama 21. Akaishi miaka mingine 57, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita jikoni, kwenye sindano na uzi, na mlangoni pa nyumba ya watawa katika mji mdogo. Sisi twadhani kwamba baba na mama wa jamaa za Kikristu, ambao siku zao hupita katika kazi zile zile za jana na juzi, wana haki ya kusimuliwa sehemu hiyo pia.

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, huko Darfur, magharibi mwa Sudani. Kwao hakukuwa na dhiki. Baba yake alikuwa ndugu wa mkuu wa kijiji, na watoto walikuwa wengi nyumbani. Msiba wa kwanza ulikuwa kutekwa kwa dada yake mkubwa, na kilio cha mama yake siku hiyo hakikumtoka masikioni maisha yake yote. Haikupita miaka mingi zamu yake ikafika. Mnamo mwaka 1877 watu wawili wenye silaha walimkamata karibu na kijiji chao, wakamtishia kwa kisu, wakaenda naye. Alipoulizwa jina lake, hofu ilikuwa imemfunga kinywa. Nao wakampa jina la kwao, Bakhita, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati. Ndilo neno lile lile lililotupatia sisi Waswahili neno bahati. Tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka akilini, wala halikumrudia kamwe.

Aliendeshwa kwa miguu mamia ya maili hadi El Obeid, mji uliokuwa na soko la watumwa. Njiani yeye na msichana mwenziwe walipata kutoroka usiku; wakakimbia porini, wakajificha juu ya mti kwa kuogopa wanyama wakali, na mwisho wakaangukia mikononi mwa mtu aliyewaahidi msaada, kumbe naye aliwafungia zizini pamoja na kondoo hata akapata mnunuzi. Akapita kwa bwana mmoja hadi mwingine. Kwa mmoja wao alipigwa na mwana wa nyumba hata akashindwa kuinuka kwa muda mrefu. Kwa mwingine, afisa wa jeshi la Waturuki, mke wa bwana aliamuru watumwa wake wachanjwe kwa wembe kwa kufuata michoro, kisha vidonda vikapakwa chumvi ili makovu yabaki. Bakhita alitoka na makovu zaidi ya mia. Wasomaji wa huku ambao mababu zao walipitishwa katika njia za misafara kwenda Bagamoyo hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1883, mjini Khartoum, alinunuliwa na konsuli wa Italia, Callisto Legnani. Huyu hakumpiga. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, konsuli alirudi kwao, na msichana akaomba sana kufuatana naye. Walipofika Genoa mwaka 1885, akakabidhiwa kwa jamaa ya Michieli, waliokuwa na nyumba huko Zianigo, karibu na Venezia. Mwaka uliofuata mtoto wa kike akazaliwa nyumbani humo, wakamwita Mimmina, na Bakhita akawa yaya wake.

Baadaye Bwana Michieli alifungua hoteli huko Suakin, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, na mke wake akataka kumfuata. Mwishoni mwa mwaka 1888 alimwacha mtoto pamoja na yaya kwa Masista wa Canossa mjini Venezia, katika nyumba yao ya kuwafundishia wakatekumeni. Huko ndiko Bakhita alikofundishwa habari za Mungu kwa mara ya kwanza kwa taratibu. Alisimulia baadaye kwamba tangu utotoni alikuwa akitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivyo vizuri, naye alitamani kumwona na kumheshimu. Sasa akaambiwa kwamba Mwenyewe yupo, na kwamba alikuwa akimjua tangu zamani. Katika lugha ya watu wa Venezia, ambayo ndiyo aliyoisema hata uzeeni, bwana wa nyumba huitwa kwa neno moja tu, na Bakhita alilitumia neno hilo hilo kumtaja Mungu. Sisi pia lugha yetu hutuwezesha kufahamu jambo hili, maana twasema bwana kwa mwenye mtumwa, na twasema Bwana katika sala. Yeye aliyewajua mabwana wengi wa aina ya kwanza hakuona haya kulichukua neno lao na kumpa Bwana aliye mwema.

Baada ya mwaka mmoja mama wa Mimmina alirudi kuwachukua. Hapa twawaomba wasomaji wasipite upesi. Bakhita alimpenda mtoto yule aliyemlea. Alimheshimu pia yule bibi, ambaye hakumtendea ukatili. Hakuwa na jamaa mwingine katika nchi ya Ulaya, hakuwa na fedha, wala hakujua kusoma barabara. Kukataa kulikuwa kama kujifanya yatima mara ya pili. Bibi alimbembeleza, akamlaumu kwa kukosa shukrani, akalia. Na mtoto naye alilia. Bakhita alisimama imara kwamba hatatoka katika nyumba ile kabla hajabatizwa. Shauri likafika mbele ya Patriarka wa Venezia, Kardinali Domenico Agostini, na mbele ya mwanasheria wa Mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 likatolewa tamko kwamba sheria za Italia hazitambui utumwa, na kwa hiyo Bakhita ni mtu huru. Mtoto akaenda zake na mama yake.

Tarehe 9 Januari 1890 akapokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza kwa siku moja. Miaka yote iliyofuata, kila alipopata nafasi ya kufika kanisani humo, watu walimwona akikibusu kisima cha Ubatizo.

Mwaka 1893 aliingia unovisi kwa masista wale wale, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri. Mwaka 1902 alipelekwa Schio, mji wa viwanda vya sufu chini ya milima, upande wa kaskazini wa Vicenza. Na hapa ndipo watunzi wa habari hukosa la kusema, kwa sababu hapana tena minyororo wala mahakama. Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza vitu vya altare katika sakristia. Vita Kuu ya kwanza ilipokuja, Schio ulikuwa karibu na mstari wa mapigano, na watawa walihudumia askari majeruhi. Naye alikuwa pamoja nao. Kisha akawekwa kuwa bawabu.

Kazi ya bawabu si kazi ya sifa. Mlango hugongwa wakati wa sala na wakati wa chakula; hugongwa na mwenye njaa, na mwenye hasira, na mwenye kupotea njia. Watoto wa shule ya masista walipita hapo kila asubuhi, naye alikuwa akiweka mikono yake juu ya vichwa vyao na kuwabembeleza kwa sauti ambayo, hata kwa maneno ya Kiitalia, ilikuwa na mwendo wa kwao Sudani. Watu wa mji wakamwita Mama Mweusi, nao hawakulisema jina hilo kwa dharau. Hata hivyo tusidhani kwamba ilikuwa rahisi kuwa mweusi peke yake katika mji wa wazungu wakati ule. Maisha yake yalipochapwa kitabuni mwaka 1931, sifa zake zilienea, na wakuu wake wakampeleka kuzunguka miji ya Italia kuzungumza na watu kwa ajili ya misioni. Umati ulijaa. Yeye alifahamu vema kwamba wengi walikuja kumtazama tu kama ajabu, naye alilisema hilo kwa mzaha bila uchungu. Hakupenda safari hizo. Alikwenda kwa sababu ya utii. Sisi hatuoni sababu ya kuficha kwamba miaka hiyo ndiyo Italia ilipofanya vita ya kuiteka Ethiopia, 1935 na 1936, na kwamba wako waliopiga makofi kwa mwanamke wa Afrika jioni na kushangilia mabomu juu ya Waafrika asubuhi. Kosa hilo halikuwa lake.

Jambo jingine lahitaji kusemwa kwa uangalifu. Bakhita alipata kueleza kwamba kama angekutana na wale waliomteka na kumtesa, angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa bila wao asingekuwa Mkristu wala mtawa. Wako Waafrika ambao husikia maneno hayo na kukasirika, na sisi hatuwalaumu. Utumwa ulikuwa dhambi, nao haukugeuka kuwa wema kwa sababu Mungu alimtoa mtu mmoja humo akiwa mtakatifu. Lakini tuangalie ni nani aliyesema. Hakuwa bwana aliyetaka kusamehewa kwa bei rahisi, wala mhubiri aliyeketi mbali na maumivu. Alikuwa mwenye makovu yenyewe. Msamaha ule ulikuwa mali yake, naye alikuwa na haki ya kuutoa kwa amtakaye. Haukumpasa mtu mwingine kuudai kwake.

Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita, alipowaandikia Wakristu mwaka 2007 juu ya tumaini, alimtaja Bakhita mwanzoni kabisa mwa barua yake. Wengine walistaajabu kwamba hakuchagua mwalimu mkuu wa Kanisa. Sisi twaona alichagua vizuri. Tumaini la mwanamke huyu halikuwa la kungoja mambo yabadilike, maana kwa miaka zaidi ya arobaini hayakubadilika sana: chungu kile kile, mlango ule ule, kengele ile ile. Lilikuwa tumaini la mtu aliyejua kwamba Bwana wake yumo nyumbani. Mama anayeamka alfajiri kuwasha moto na baba anayelinda lango la watu usiku kucha watafahamu maneno haya upesi kuliko sisi tunaoandika.

Tangu mwaka 2015 siku yake ya kumbukumbu imekuwa pia siku ya kuombea watu wanaouzwa na kudanganywa. Twalitaja hili kwa sababu si jambo la mbali. Wako wasichana wanaotolewa vijijini kwa ahadi ya kazi nzuri mjini au ng'ambo, na wakifika huko hunyimwa mshahara na hati zao za kusafiria. Jamaa ya Kikristu yenye mtumishi nyumbani yaweza kuanza kwa kumlipa haki yake mwisho wa mwezi, na kumwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Miaka ya mwisho ya Bakhita ilikuwa ya maradhi. Miguu ilikataa, akawa wa kukaa katika kiti cha magurudumu, naye aliweza kubaki saa nyingi kanisani akisali. Mabomu yalipoanguka Schio katika Vita Kuu ya pili, watu walimkimbilia kwa sala zake, wakiamini kwamba mji unalindwa kwa ajili yake. Katika homa za mwisho fikira zake zilirudi El Obeid. Alimsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwa kuwa ilikuwa mizito. Kisha akatulia, akamtaja Bikira Maria, na tarehe 8 Februari 1947 akafariki.

Alitangazwa mwenye heri mwaka 1992 na mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, wote wawili wakati wa Papa Yohane Paulo wa Pili. Lakini watu wa Schio hawakungoja Roma. Kwa siku tatu mwili wake ulilazwa wazi, na mji mzima ukapita mbele yake. Akina mama walikuja na watoto wao, nao waliunyanyua ule mkono mweusi uliokuwa ukiwapokea mlangoni kila asubuhi, wakauweka juu ya vichwa vya watoto mmoja mmoja, kisha wakaurudisha kifuani polepole.