Robert Hooke: Aliyeificha sheria ya springi ndani ya herufi 14

MWANAFUNZI wa fizikia huko Matulo, karibu na Webuye katika Kaunti ya Bungoma, anapotundika springi kwenye stendi ya maabara na kuning'iniza mawe ya mizani, hurudia kazi ya mtu aliyefariki zaidi ya karne tatu zilizopita, Robert Hooke.

Hooke alizaliwa Julai 18, 1635 kijijini Freshwater, katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Alikuwa mtoto mgonjwamgonjwa. Babake, kasisi, alifariki 1648 na kijana huyo akaenda London kusoma. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Oxford, ambako alimsaidia mwanasayansi Robert Boyle kuunda pampu ya hewa.

Mnamo 1662 aliteuliwa kusimamia majaribio ya Royal Society, jumuiya ya wanasayansi jijini London. Mnamo 1665 alichapisha kitabu Micrographia kuhusu aliyoyaona kwa hadubini, na humo ndimo neno seli lilimotumika kwanza katika elimu ya viumbe. Moto ulipoteketeza London mwaka 1666, alikuwa miongoni mwa wapimaji walioujenga upya mji huo.

Hata hivyo, Hooke aliishi akihofu kuporwa uvumbuzi wake. Mnamo 1675 alizozana na Christiaan Huygens wa Uholanzi kuhusu nani alitangulia kubuni saa ya springi. Mwaka uliofuata alitangaza sheria yake ya springi kwa herufi 14 zilizopangwa kialfabeti, fumbo lisiloweza kusomeka. Alilifumbua mwaka 1678: springi hurefuka kwa kadiri ya nguvu inayoivuta.

Maabarani, sheria hiyo huthibitishwa kwa rula na subira. Ikiwa gramu 100 zinairefusha springi kwa sentimita 2, gramu 200 zitairefusha kwa sentimita 4, na gramu 300 kwa sentimita 6. Grafu yake huwa mstari mnyoofu. Uzito wa gramu 100 ni takriban nyutoni 1. Hivyo ugumu wa springi hiyo ni nyutoni 50 kwa mita. Ikivutwa kupita kikomo chake, mstari hupinda na springi hairudii urefu wake wa awali.

Kuanzia 1686 Hooke alizozana pia na Isaac Newton, akidai kuwa alichangia wazo la jinsi nguvu ya mvutano inavyopungua kwa umbali. Alifariki Machi 3, 1703, na mwaka huohuo Newton akawa rais wa jumuiya ile. Hakuna picha ya Hooke iliyosalia ambayo wataalamu wote wanaikubali.

Leo mahasimu hao wawili hukutana katika jibu moja daftarini: sheria ni ya Hooke, kipimo cha nguvu kina jina la Newton. Naye mwanafunzi wa Matulo huandika vipimo vyake waziwazi, kila mmoja avione na kuvikagua. Siri iliyofungiwa ndani ya herufi 14 imekuwa mali ya wote.